Korido Moja, Watoto Kumi na Mmoja

Nyumba tunayopanga hapa Mbagala ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na uani nyuma kwenye choo, bafu na kamba za kuanikia. Wakati wa jua watoto hatuwaoni. Wakiamka wako uani, mchana wako chini ya mwembe wa jirani, ndani wanaingia kula na kulala tu. Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, uani hugeuka bwawa, baraza hulowa kwa mvua ya upepo, na wote hurudi ndani. Masika ya mwaka 2024 niliwahesabu: wangu watatu, pacha wa chumba cha pili, na wengine sita wa vyumba vingine. Kumi na mmoja. Mkubwa alikuwa na miaka 12, mdogo kabisa mwaka mmoja na nusu. Korido yenyewe ni hatua kumi na nne, na watu wazima wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu nimeiweka mlangoni mwa chumba, imeangalia koridoni, maana chumbani mwanga hautoshi. Wazazi wenzangu asubuhi hutawanyika, huyu sokoni, yule kibaruani, na watoto hubaki na mimi na bibi mmoja wa chumba cha mbele. Hakuna aliyeniteua kuwa mlezi. Ilitokea tu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikionekana. Na siwezi kukaa chini nikacheza nao, kwa sababu nguo za watu zina tarehe. Kwa hiyo haya yote niliyajifunza mguu ukiwa kwenye pedeli.

Utaniuliza kwa nini wasiachwe wakacheze mvuani kama tulivyocheza sisi. Mimi nimekulia kijijini, nimeoga mvua mpaka meno yakagongana, na furaha ile bado naikumbuka. Lakini mtaa wetu uko bondeni, nyumba zimebanana, na vyoo ni vya shimo. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha vyoo: wanafungua shimo, uchafu unaondoka na maji. Yale yanayopita mbele ya mlango wetu ukiyatazama ni maji ya mvua, lakini harufu inasema mengine, na kipindupindu hupita njia hiyo hiyo. Siku niliyomkuta kitinda mimba wangu amechuchumaa mtaroni anachota kwa kikombe, ubishi ukaisha. Mvua ikinyesha, mlango wa mbele unafungwa kwa komeo la juu.

Mwanzoni nilitumia simu. Nilikuwa naisimamisha kwenye kigoda, nawawekea katuni, wote kumi na mmoja wanabanana mbele ya kioo cha ukubwa wa kiganja. Kimya kilikuwa kizuri mno, nilimaliza magauni mawili siku ya kwanza. Siku ya pili wakaanza kusukumana, maana wa nyuma haoni. Ya tatu umeme ukakatika tangu asubuhi, saa tano chaji ikaisha, na kilio kilichofuata sijawahi kukisikia hata msibani. Sikuichukia simu. Niliona tu kwamba iliwanyamazisha bila kuwapa chochote cha kushika ikizimika. Walikaa pale mikono mitupu, wananitazama mimi.

Basi nikaanza kujaribu vitu, na vingi vilishindikana. Nilijaribu hadithi. Nikasema "Paukwa!", wakajibu "Pakawa!", na kabla sijafika kwa sungura mvua ikaongezeka. Nyumba yetu haina dari. Mvua kubwa ikilipiga bati, mtu aliye hatua mbili mbele yako unamwona anafungua mdomo, humsikii. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, wa nyuma wakaanza kupigana, nikakata tamaa. Siku iliyofuata mvua ilikuwa ya rasharasha, ile inayonyesha kama inaomba radhi, na hadithi hiyo hiyo ikawakalisha saa nzima.

Hapo ndipo nilipoanza kuisikiliza mvua kabla ya kuwasikiliza watoto. Mvua ya kishindo inataka michezo ya macho na mikono. Rasharasha inataka maneno. Na ile mvua ya siku ya tatu mfululizo, ambayo haina kishindo wala haikatiki, inataka watoto watoke jasho, la sivyo wataanza kuumana.

Kwa mvua ya kishindo tulianza na mdako. Sakafu yetu ni ya saruji, hatuwezi kuchimba kishimo, kwa hiyo tulichora duara kwa chaki ya kushonea na kuweka vijiwe ndani yake. Unarusha kijiwe kimoja juu, unazoa vingine nje ya duara kabla hujakidaka, unarusha tena, unarudisha vyote ukibakiza kimoja. Mchezo huu hauhitaji neno hata moja. Ukikosea kila mtu ameona. Watoto wa kiume walijifanya ni mchezo wa wasichana, mpaka binti yangu wa kati, mwenye miaka sita, alipowashinda wote wanne kwa zamu. Tangu siku hiyo walifanya mazoezi usiku kwa siri.

Kisha drafti. Upande wa ndani wa boksi la mashine ya jirani tulichora miraba 64 kwa makapeni, nane kwa nane, na visoda 24 nikawatuma wakusanye kwa mama muuza soda wa nyumba ya pili mvua ilipotulia. Kumi na viwili vinalala chali, kumi na viwili kifudifudi, na hiyo inatosha kujua kipi cha nani.

Lakini kilichotuokoa ni bao. Ubao wa kuchonga ni ghali kwangu, na watoto wangu walikuwa wameona wazee tu wakicheza. Mwanangu mkubwa ndiye aliyechukua matrei ya mayai. Trei moja lina vishimo 30, sita kwa vitano, na bao linataka safu nne za mashimo manane, yaani 32. Akakaa na mkasi wangu (mkasi wa kitambaa, ambao kwa kawaida sithubutu mtu auguse), akakata safu nne za sita kutoka trei la kwanza, akakata nne za mbili kutoka la pili, akaviunga kwa uzi na sindano. Nilimtazama tu. Mwalimu wake alikuwa amemwandika kwenye ripoti kwamba hesabu zinamshinda.

Bao la watu wazima lina namna yake ya kuanza, kete nyingi zikiwa bado mkononi, na linachosha kichwa cha mtoto. Bibi wa chumba cha mbele ndiye aliyesema waanze na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, kila mchezaji mashimo 16, kete 32, wawili mnakuwa na 64. Unachukua za shimo moja, unazigawa moja moja, ukiangukia shimo lenye kitu unaendelea, ukiangukia tupu umelala. Mtoto wa miaka saba analielewa kwa nusu saa. Baada ya wiki mbili nilikuwa nawasikia wakibashiri kabla hawajagusa: "Nikianza hapa nalala kule." Huko ndiko kutoa, kujumlisha na kugawanya, na hakuna aliyewalazimisha.

Kuna jambo moja hapa lazima nilieleze, kwa sababu liliniumiza. Kete za kwanza zilikuwa maharage. Nilidhani nimetumia akili, maharage yako jikoni na ni ya bure. Siku ya pili kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, alisukuma harage puani. Sikujua. Jioni nikaona pua moja inatoa makamasi na nyingine safi, na anapiga kelele nikimgusa. Harage likikaa kwenye unyevu huvimba, ndiyo maana kadiri unavyochelewa ndivyo linavyobana. Nilijaribu kulichokonoa kwa pini ya nywele, nikalisukuma ndani zaidi. Tafadhali usifanye hivyo. Nilimbeba mgongoni nikavuka maji mpaka zahanati, na muuguzi akalitoa kwa koleo dogo chini ya dakika moja. Nililia njia nzima kurudi. Tangu hapo kete zetu ni komwe, zile mbegu za kijivu ngumu za mkomwe ambazo wacheza bao wa pwani wanazitumia tangu zamani. Ni kubwa kwa pua ya mtoto, lakini hata hizo hazikai chini wadogo wakiwa macho. Zinahesabiwa zikitoka, zinahesabiwa zikirudi mfukoni. 64.

Wadogo wale wa chini ya miaka mitatu nao walihitaji kitu chao, maana huwezi kumwambia wa mwaka mmoja na nusu asiguse bao. Niliwawekea beseni lenye maji kidogo, vikombe vya plastiki na chujio, pembeni mwa mguu wangu kabisa, mahali ambapo nikinyoosha mkono nawafikia. Nikiinuka, beseni linamwagwa kwanza. Mtoto huzama kwenye maji machache sana, na nyumba yenye bati linalovuja ina ndoo za kukinga maji kila pembe, kwa hiyo hizo nazo zilikuwa na vifuniko au zilikuwa juu. Jiko la mkaa pia halikuingia koridoni, hata siku baraza ilipolowa yote na watu wakanikasirikia. Moshi wa mkaa unaouona si hatari kama ile hewa ya sumu usiyoiona wala kuinusa, na watu hulala nayo wasiamke. Tulipika pale penye upenyo wa mlango wa uani, mlango ukiwa wazi, mmoja wetu ameshika mwavuli.

Ile mvua ya siku ya tatu mfululizo, ya kutoa jasho, tuliitafutia dawa kwa bahati. Maji yaliingia usiku chini ya mlango, asubuhi korido nzima matope mepesi. Nikawapa wakubwa matambara ya deki, nikasema tu anayefika mwisho kwanza. Walipiga magoti, mikono kwenye tambara, wakasukuma kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani, wanarudi, wanakamua, wanakwenda tena. Wakapangana makundi. Wakacheka mpaka mama pacha, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akatoka kuangalia, naye akaomba tambara. Sakafu ilipata kung'aa ambayo haijaiona tangu nyumba ijengwe, na mchana ule walilala wote, hata wa miaka 12.

Tena nilijifunza kusimamisha mchezo ungali mtamu. Hili lilinichukua muda. Mama akiona watoto wametulia anaomba Mungu wasimwone, anashona haraka haraka. Lakini kila mara nilipousubiri mchezo uishe wenyewe, uliisha kwa ngumi. Kicheko kinakuwa na ukali fulani kabla ya ugomvi, kinapanda juu na kuwa chembamba. Nikikisikia hicho nasimamisha cherehani: kete mfukoni, haya, nani ananisaidia kukata vitambaa? Mabaki ya vitenge yalitengeneza wanasesere, mipira ya matambara, na mkoba mmoja ambao binti yangu anaubebea madaftari hadi leo.

Sasa niseme juu ya bibi. Alikuwa ametoka Lindi kuja kliniki, amefikia kwa mwanawe chumba cha mbele, na alitegemea kurudi mwanzoni mwa Mei. Kwenye rasharasha yeye ndiye aliyeitawala korido. "Kitendawili!" "Tega!" Alianza na vile vya zamani, kuku wangu katagia miibani, na wote wakaruka: nanasi. Lakini utamu ulikuwa pale waliposhindwa. Ukishindwa lazima umpe mtegaji mji, naye anaupokea na kueleza alivyokwenda huko na alichokula, ndipo anasema jibu. Watoto wetu walikuwa wanatoa Dar es Salaam tu. Bibi akakataa. "Huo nimeshaupata, nipe mwingine." Na akaweka sheria kwamba mji uliokwisha kutolewa siku hiyo hautolewi tena. Ikabidi watafute. Walikwenda Kigoma wakala migebuka, Mwanza wakala sato, Bukoba ndizi, Mtwara korosho, Dodoma zabibu, Muheza machungwa. Mwanangu mkubwa alichomoa ramani kwenye kitabu cha jiografia ili asikwame, akagundua mikoa ni 31 Bara na Visiwani, na wakaanza kushindania iliyosahaulika. Mji mmoja tu bibi aliukatalia. "Lindi haitolewi," alisema. "Hiyo ni yangu."

Baada ya muda wakaanza kutunga vya kwao. Mmoja wa pacha alitega hiki: "Mama ana watoto saba, kila mmoja analia kwa sauti yake." Tulishindwa sote, hata bibi, na tukampa Songea. Zilikuwa ndoo za kukinga mvua. Nilinyamaza nikazisikiliza, na kweli kila ndoo ilikuwa na mlio wake kwa jinsi ilivyojaa.

Halafu kikaja Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imetangaza siku kadhaa kabla kwamba kimbunga kinakuja pwani, na Jumamosi tarehe 4 Mei kilifika. Kwetu Dar hatukupata makali kama ndugu zetu wa Mafia na kusini, lakini upepo ule ulikuwa mgeni. Bati lilikuwa likinyanyuka na kurudi. Watoto walikuwa na bao, walikuwa na drafti, walikuwa na kila kitu ambacho kilikuwa kimewashika wiki saba, na hakuna aliyegusa. Nikawaambia haya chezeni. Binti yangu wa kati akanitazama kama nimemtukana.

Bibi ndiye aliyeelewa. Alitoka chumbani na ungo na furushi la choroko, akaketi katikati ya korido, mbali na milango yote miwili. Hakuwaita. Alianza kuchambua. Mmoja akasogea, wa pili akasogea, akawagawia rundo rundo mbele yao: mawe huku, mbovu huku, nzuri kwenye ungo. Wadogo akawapakata na kuwapa kushika pindo la khanga. Na alipoona mikono yote ina kazi, akawaambia, mdomo ukiwa karibu na masikio yao, juu ya mwaka 1952. Kimbunga kiliipiga Lindi tarehe 15 Aprili mwaka ule. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Mama yake aliwaingiza uvunguni, akawasukumia kikapu cha karanga za kumenya, akasema hatatoka mtu mpaka kikapu kiishe. Paa la jirani liliondoka, na wao walikuwa wanamenya. "Sikumbuki upepo sana," alisema. "Nakumbuka maganda chini ya magoti yangu."

Kabla ya siku ile nilikuwa nadhani mtoto aliyechoka kukaa ndani na mtoto aliyeogopa wanahitaji kitu kimoja, yaani kusahaulishwa. Sivyo. Aliyechoka mpe mchezo. Aliyeogopa mchezo anauona ni dharau. Mpe kazi ya kweli, ambayo hata wewe unaifanya, na ukae naye hapo hapo. Kazi ya kuigiza ataijua. Choroko zile tulizipika usiku na kuzila, na kila mtoto alijua ni rundo lake.

Tangu hapo hata usiku wa radi nafanya hivyo. Binti yangu anaogopa ngurumo, kwa hiyo kazi yake ni kuhesabu. Mwanga ukimulika anaanza, moja, mbili, tatu, mpaka sauti ifike, kisha anagawa kwa tatu, maana sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Anatutangazia nyumba nzima: iko kilomita nne, iko mbili. Ikifika moja, yeye ndiye anayetuamuru tutoke dirishani na kuchomoa nyaya ukutani. Hajaacha kuogopa, mkono wake bado umenishika, lakini hesabu haikosei.

Bibi hakuondoka mwanzoni mwa Mei. Barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga kwa mafuriko yaliyofuata kimbunga, magari yakakwama siku nyingi, na hata ilipofunguliwa mwanawe hakutaka asafiri kwenye matope. Tulikaa naye mpaka Juni mwishoni. Siku ya kuondoka jua lilikuwa kali, watoto wote walikuwa nje, ikabidi nitume mtu akawaite chini ya mwembe waje kumuaga. Aliwaachia ungo.

Vuli ilianza Novemba. Mvua ya kwanza ilikuwa rasharasha, na kabla sijasema neno mwanangu mkubwa alikuwa ameshatandika jamvi koridoni. Walitega mpaka jioni. Miji ikawaishia. Wa mwisho kutega alikuwa kitinda mimba wangu, miaka mitatu sasa, kitendawili chake cha kwanza cha kutunga mwenyewe, kilikuwa juu ya mguu wangu na cherehani, na kilikuwa kirefu na hakina kichwa wala miguu. Nilishindwa kweli.

"Nipe mji," akasema.

Nikataja Tabora, imeshatolewa. Iringa, imeshatolewa. Hata Pemba ilikuwa imekwenda. Wote walikuwa wananitazama, wakubwa wakijua ni mji gani uliobaki.

Nikampa Lindi.

Akajiweka sawa kwenye jamvi. "Nimekwenda Lindi," akasema, "nimemkuta bibi, anamenya karanga, akanipa."